Nyasi, Mto na Neno “Mvamizi”

Nyasi zilizo mbele ya nyumba ninayoishi hapa Iringa ni za aina iitwayo kikuyu, na tangu mwezi wa Agosti nimekuwa na deni la kuamua kama zing’olewe au zibaki. Najua baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu watashangaa. Wenzangu wanaandika juu ya bajeti, katiba na ajira za wahitimu, nami nawaletea habari za majani. Naomba uvumilivu. Jambo hili dogo limenilazimisha kulichunguza upya neno moja ambalo sisi wenye kalamu, na zaidi yetu wenzetu walio katika ofisi za umma, tunalitumia kila wiki kana kwamba maana yake iko wazi. Na uamuzi wenyewe unagusa maji ya mji, kibarua cha kijana mmoja na mboga za jirani yangu, kwa hiyo sina ruhusa ya kuuchukulia kwa wepesi.

Nianze na mmea. Kikuyu ni nyasi ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Jina lake limetokana na nchi ya Wakikuyu katika Kenya ya kati, ambako huota yenyewe kwenye miinuko ya mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, mahali penye baridi na mvua za kutosha. Wanabotania waliiita kwa miaka mingi Pennisetum clandestinum. Siku hizi wameihamishia katika jenasi ya Cenchrus. Lile neno la pili ni la Kilatini na maana yake ni kitu kilichofichika, kwa kuwa maua ya nyasi hii hujibanza ndani ya ala za majani, na mtu anaweza kuishi nayo miaka kumi asijue kwamba inachanua. Lakini ukiinama alfajiri utaziona nyuzi nyeupe, nyembamba mno, zimesimama juu ya majani kama ukungu uliosahau kuondoka. Hizo ndizo stameni zake. Jua likipanda, hunyauka.

Katika kuenea, hata hivyo, nguvu kubwa ya kikuyu imo katika shina. Ina mashina yanayotambaa juu ya ardhi na mengine yanayopita chini yake, na kila kifundo cha shina hilo kikigusa udongo hutoa mizizi na chipukizi. Ukilikata kwa jembe vipande kumi umejipatia miche kumi. Ile methali ya tembo wawili wapiganao na nyasi ziumiazo haikutungwa na mtu aliyewahi kupambana na kikuyu.

Nyumba ninayopanga iko upande wa Gangilonga, mtaa uliopewa jina la lile jiwe ambalo kwa Kihehe husemwa kuwa linanena. Ni nyumba ya zamani yenye uwanja mpana mbele, mfano wa zile ambazo serikali ya kikoloni iliwajengea maofisa wake na ambazo maofisa wetu walizirithi baada ya Uhuru pamoja na desturi zake zote: mlango wa mbele kwa wageni, mlango wa nyuma kwa watumishi, na majani mafupi ya kijani ambayo hayaliwi na mbuzi wala hayachezewi na mtoto. Mwenye nyumba ameniambia kwamba kikuyu ililetwa na mpangaji aliyenitangulia, mtumishi wa umma, aliyekuja na vipando vyake katika magunia kutoka Mufindi. Kuhusu la kufanya sasa, aliniachia niamue mwenyewe mradi pasiwe vumbi. Eneo lenyewe ni kama mita za mraba 200, na linateremka kuelekea kwa jirani.

Jirani huyo ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama aliyekwisha kupita miaka sabini, mwenye matuta ya figiri na mchicha anayoyatunza kama alivyokuwa akitunza madaftari ya wanafunzi wake. Alinijia jioni moja ya Agosti. Nilimwamkia: “Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Majani yako yamenitembelea.”

“Yamekuja mara ngapi, Mwalimu?”

“Mara moja tu. Hayajarudi kwenu tangu yaje.”

Alinichukua akanionesha. Shina moja la kikuyu lilikuwa limepita chini ya ukuta wa matofali, likaibuka katikati ya tuta la figiri, likatia mizizi na kuendelea na safari. Alilivuta, likakatika, kipande kikabaki ardhini. “Sikukatazi kupamba nyumba,” alisema. “Nauliza tu utafanyaje.” Nilimwomba anipe muda nifikiri. “Fikiri, Daktari. Ila yenyewe hayafikiri, yanatembea.”

Neno lililonijia kichwani usiku ule lilikuwa “vamizi.” Katika nyaraka za serikali siku hizi kuna fungu zima la viumbe vamizi, na si fungu la kubuni. Magugu maji yaliziba mialo ya Ziwa Victoria katika miaka ya 1990 hata mitumbwi ikashindwa kutoka. Gugu karoti limeingia katika malisho ya Arusha, linawasha ngozi za watu na kuharibu maziwa ya ng’ombe. Huko Baringo, Kenya, mti uitwao mathenge ulipandwa katika miaka ya 1980 kwa nia njema kabisa, yaani kuzuia jangwa na kuwapatia watu kuni, kisha ukateka malisho na kuoza meno ya mbuzi waliokula maganda yake matamu. Wananchi wakaishtaki serikali yao na kumpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani awe kielelezo. Kisa hicho huwachekesha wanafunzi wangu kila mwaka. Baada ya kicheko huwauliza: katika mradi ule, nani aliamua, na nani alilipa? Hapo ndipo somo la sera za umma huanza kwa kweli.

Basi nilifungua vitabu kutafuta kikuyu imepewa cheo gani duniani, na nikakuta ina vyeo vingi vinavyogombana. Karibu na mwaka 1918 Wamarekani waliipeleka California ili ishikilie udongo wa kingo za mifereji. Iliushikilia. Kisha ikatoka mferejini, ikaingia katika mashamba ya matunda, bustani na viwanja, na leo imo katika orodha ya serikali ya shirikisho la Marekani ya magugu haribifu. Lakini katika California hiyohiyo kuna uwanja wa gofu wa Torrey Pines, karibu na San Diego, ambao njia zake za kuchezea zimeota kikuyu, nayo imezoeleka pale kiasi kwamba mwaka 2008 mashindano makubwa ya taifa yalichezwa juu yake, Tiger Woods akashinda. Kule Australia wafugaji wa ng’ombe wa maziwa huipanda na kuitilia mbolea, huku wahifadhi wa mapori wakiing’oa upande wa pili wa uzio. Na kwenye miinuko ya Kenya ya kati ni nyasi ya kawaida kabisa, inalishwa na kondoo, inaota kando ya barabara, haimtishi mtu.

Mmea mmoja, mwili mmoja, mashina yaleyale. Kilichobadilika ni mahali na mwenye kusema. Tunaposema kikuyu ni vamizi tumetoa taarifa isiyokamilika, sawa na kusema kwamba fulani ni shemeji bila kutaja ni shemeji wa nani. Vamizi wapi? Kwa hasara ya nani? Katika uwanja huu wangu kuna jibu moja ninaloweza kulisimamia mbele ya mtu yeyote: kwenye tuta la figiri la Mwalimu, ndiyo, inamdhuru. Kwingineko lazima nithibitishe kwanza.

Mwezi wa Septemba alinitembelea mtahini wa nje, mwalimu mwenzangu wa siku nyingi, mzaliwa wa Nakuru. Tulikaa barazani na chai, na Mwalimu akapita kunikumbusha deni langu. Akasema kwa sauti ya kawaida ya mtaani, “Daktari, yule Mkikuyu wako amevuka tena mpaka.” Tulicheka sote watatu. Mwalimu alipokwenda, mgeni wangu aliweka kikombe chini, akanyamaza kitambo. Kisha akaniambia kwamba sentensi ile aliisikia akiwa kijana, neno kwa neno, na haikuwa mzaha.

Wasomaji wa rika la wanafunzi wangu walikuwa watoto wadogo, au hawajazaliwa, ilipotokea. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kenya ilipoteza watu zaidi ya 1,100, na malaki wakakimbia makwao, wengi wao kutoka Bonde la Ufa. Kabla ya mapanga yalitangulia maneno. Watu waliohamia Bonde la Ufa tangu siku za mashamba ya walowezi waliitwa “madoadoa,” yaani uchafu katika nguo iliyotakiwa kuwa na rangi moja. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba katika vipindi vya redio ya lugha ya kienyeji kulisikika wito kwa wenyeji kwamba wakati umefika wa kukata majani. Aliyesikiliza kwa sikio la mgeni alidhani ni kipindi cha kilimo. Na kwa upande wa dola, katika miaka hiyohiyo, kilikuwapo kikosi cha polisi kilichojulikana kwa jina la Kwekwe, kilichotuhumiwa kuwaua vijana walioshukiwa kuwa wa kundi la Mungiki bila kuwafikisha mahakamani. Kwekwe, kwa asiyelijua neno hilo, ni magugu. Mgeni wangu hakuwa amemkasirikia Mwalimu hata kidogo; alijua mama yule alikuwa akisema habari za majani. Alichosema ni hiki: “Lugha ya palizi ni nyepesi sana mdomoni. Ukishamwita mtu gugu, kazi iliyobaki inajulikana na kila mwenye jembe.”

Sisi wa upande huu wa mpaka hupenda kujitoa katika habari kama hizo. Tunasema kwetu ukabila ulikwisha, na kwa sehemu kubwa tuna haki ya kujivunia. Lakini neno “mvamizi” halihitaji kabila ili lifanye kazi yake, na mfano ulio karibu nami kuliko yote ni wa mto ninaokunywa tawi lake.

Mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu ulikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mahali ulipozoea kutiririka mwaka mzima, na kukauka huko kukawa jambo la kila mwaka. Viboko walirundikana katika madimbwi ya tope. Chini zaidi yako mabwawa ya Mtera na Kidatu, yenye mitambo ya megawati 80 na 204, kwa hiyo mto ulipopungua taa za Dar es Salaam nazo zilihusika, na taa za Dar es Salaam zikihusika jibu hutafutwa haraka. Jibu lililopatikana lilikuwa ng’ombe. Wafugaji, wengi wao Wasukuma, pamoja na Wamasai na Wabarbaig, walikuwa wamehamia bonde la Usangu na ardhioevu ya Ihefu kwa miongo kadhaa wakiwa na mifugo mingi kweli. Waliitwa wavamizi. Mwaka 2006 na 2007 waliondolewa kwa operesheni. Walitozwa faini, mifugo mingi ikafa njiani, familia zikaelekezwa Lindi na Pwani, kwenye ardhi ambayo nayo ilikuwa na wenyewe. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na hifadhi.

Tafiti zilizofanywa katika bonde lile mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, yaani kabla ya operesheni, zilikuwa zimekwisha kuonesha kwamba sababu kubwa ya mto kukauka kiangazi ni maji yanayochepushwa na mifereji ya mpunga, mingine ikiendelea kuchota hata wakati ambapo hapakuwa na zao shambani. Ng’ombe hunywa maji, hukanyaga kingo, hula majani ya ardhioevu, hayo hayabishaniwi. Lakini ng’ombe hachepushi mto. Na mpunga wenyewe una historia ndefu ya uhamiaji: kilimo cha umwagiliaji cha Usangu kilipata nguvu kwa mikono ya Wabaluchi waliofika kabla ya Uhuru, kisha serikali ikafungua mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga. Kwa kipimo cha nani alitangulia, karibu kila kitu katika bonde lile kilikuja kutoka mahali fulani. Ila mpunga ulihesabiwa kuwa raia na ng’ombe akahesabiwa kuwa mgeni. Sisemi mpunga ungeng’olewa. Wali wa Mbarali naula na kuusifu. Nasema kwamba walioshika madaraka waliuliza “nani katoka wapi” kabla ya kuuliza “nani anatumia maji kiasi gani,” ingawa swali la pili lilikuwa na majibu yaliyokwisha kuandikwa. Wafugaji waliondoka. Mto uliendelea kukauka.

Maji ya bomba ya mji wa Iringa hutoka Ruaha Mdogo, na Ruaha Mdogo huungana na Ruaha Mkuu kabla ya Mtera. Kwa hiyo niliona ni haki kujipima kwa kipimo nilichotaka watu wa Usangu wapimwe. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ili nyasi hizi zibaki kijani wakati wa jua kali zahitaji kama milimita 25 kwa wiki. Mita za mraba 200 mara 25 ni lita 5,000, yaani ndoo 250 za lita ishirini, kila wiki, tangu Juni mpaka mvua za mwishoni mwa Novemba. Kwa wiki 24 ni lita 120,000. Ng’ombe wa kienyeji hunywa takriban lita 25 kwa siku. Maana yake ni kwamba uwanja wa mbele wa mtu mmoja mwenye mpira wa maji hunywa sawa na kundi la ng’ombe 28. Mpangaji aliyenitangulia alimwagilia kwa kiasi hicho, na katika mtaa huu wapo wanaomwagilia hadi leo, hata wiki za mgawo, kwa maji ya matangi. Ni watu wema, wengine ni rafiki zangu. Hakuna askari aliyewahi kuja kuwahesabia ng’ombe wao.

Hesabu hiyo iliniondolea nusu ya tatizo. Kikuyu yenyewe haihitaji maji hayo ili iishi. Ikinyimwa maji hugeuka rangi ya mkeka wa zamani, mashina ya chini yakajilaza yakisubiri, na mvua ya kwanza ikigonga hurudi yote. Kinachogharimu lita 120,000 ni ukijani wa mwezi wa Septemba, na ukijani huo haulindi udongo wala haumlishi mtu; ni salamu tunayompelekea yeyote apitaye barabarani, kwamba hapa anakaa mkubwa. Mpira nimeukunja.

Ilibaki nusu ya pili, ile ya Mwalimu. Mawazo sikuyakosa, kila mgeni alikuja na lake. Wa kwanza alishauri dawa ya kuua magugu. Dawa hiyo inaua kikuyu, lakini kwa kuirudia, na uwanja wangu uko juu ya matuta ya mboga. Sikuwa tayari kumpelekea mama wa miaka sabini kemikali badala ya mashina. Wa pili alishauri nitandike vitofali vya zege, tuviitavyo pevingi, kama walivyofanya nusu ya watu wa mtaa na karibu kila ofisi ya umma niliyoingia miaka hii. Pevingi haina palizi, ni kweli. Haina pia mdomo wa kunywea mvua. Mwezi wa Januari mvua ikipiga hapa, maji ya mita 200 za zege yangeshuka yote kwa jirani kwa dakika chache, na matuta yangekwenda nayo. Majani yanamwibia nafasi. Zege lingemwibia udongo. Nawaomba wenzangu mnaoidhinisha manunuzi ya maofisini mlifikirie hili kabla ya kusaini, maana mitaro ya miji yetu haikuchimbwa kwa ajili ya miji iliyosakafiwa. Wa tatu alishauri ukoka, akauita “majani yetu ya asili.” Ukoka naupenda, huvumilia kiangazi kuliko kikuyu. Lakini nao hutambaa juu na chini, na wakulima wa nusu ya dunia wanaulaani kwa majina mbalimbali. Mwalimu asingefaidika chochote kwa kuvamiwa na mwenyeji.

Tena yupo kijana anayekata majani haya. Huja kila baada ya wiki mbili wakati wa mvua, na fyekeo lake, namlipa. Mwanzoni sikujua kwamba mzigo anaoondoka nao huuza. Mama mmoja anayefuga ng’ombe wawili wa maziwa ndani ya banda hununua, na kikuyu kwa ng’ombe ni chakula kizuri. Kwa kijana huyu uwanja wangu ni shamba dogo linalovunwa mara nyingi kwa mwaka. Nilipomweleza kwamba nafikiria kuondoa majani, aliuliza swali moja: “Mzee, sasa nitakata nini?” Hakulalamika wala hakuomba. Niliona aibu kwamba katika mahesabu yangu yote ya lita na mita sikuwa nimeandika popote jina lake, ila nilikwisha kuwaandika ng’ombe 28 wa kufikirika. Kwa hiyo naye nikamwita tuketi.

Tulikubaliana hivi. Sehemu ya juu, iliyo na mteremko mkali, itabaki na kikuyu yake, kwa sababu hakuna kitu kinachoshika udongo ule vizuri zaidi kwa gharama ndogo zaidi. Itakatwa wakati wa mvua na kuachwa ilale kiangazi. Ukanda wa mita tatu wa upande wa chini, kando ya ukuta, utang’olewa kwa mkono. Kijana atalipwa kwa siku, wala si kwa kipande, maana kazi ya kikuyu ikifanywa kwa haraka huacha vifundo ardhini. Mashina yote yataanikwa juu ya mabati mpaka yakauke kabisa, hayatatupwa bondeni yakaanze maisha mapya kwa mtu mwingine. Chini ya ukuta tutachimba mtaro wa sentimita 40 na kusimamisha humo mabati makuukuu. Nimesoma na kuambiwa kwamba kizuizi cha namna hii hupunguza safari za kikuyu, hakizikomeshi, hivyo kila mwezi mtu atapita kukagua, na mtu huyo ni mimi.

Nilimpelekea Mwalimu mpango huu kabla ya jembe kugusa ardhi, kwa kuwa ndiye mwenye kuumia. Aliusikiliza kama asikilizaye mwanafunzi akisoma insha, akasahihisha kitu kimoja: mtaro uende hadi nyuma ya choo cha zamani, kwa maana huko ndiko yalikopitia mwanzo. Nikamwomba achague kitakachopandwa kwenye ule ukanda wa mita tatu. Akasema matembele. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba matembele nayo hutambaa.

“Yatambae,” alisema. “Hayo yakifika kwangu nitayapika.”

Kazi itaanza wiki ya pili ya Novemba, kabla udongo haujalowa. Mabati ninayo, nimeyanunua kwa fundi aliyekuwa akiezua nyumba ya jirani, na kijana ameshaniletea jembe lake nilipime urefu wa mpini. Wakati tukisubiri, nilitaka kujua vilevile taasisi inayonilipa mshahara inatumia maji kiasi gani kuzifanya nyasi za mbele ya jengo la utawala zibaki kijani tangu Juni hadi Oktoba, kwa kuwa uwanja ule ni mkubwa kuliko wangu mara nyingi na wanafunzi wetu wa bwenini hubeba ndoo siku za mgawo. Niliomba kwa barua, kama utaratibu unavyotaka, nipatiwe usomaji wa mita. Nimejibiwa kwa mdomo kwamba bomba la bustani halina mita.